Nusu Sentimita Iliyowavuruga Nyuki wa Maliba

Nyinyi vijana mnaotaka kuanza kufuga nyuki, kabla hamjanunua hata ubao mmoja, nisikilizeni mimi niliyeharibu mbao nyingi. Naitwa Bwambale. Kwetu Wakonzo jina hilo linakuambia tu kwamba mimi ni mtoto wa kiume wa tatu, kwa hiyo ukifika Bwera ukauliza Bwambale, utaonyeshwa watu mia. Uliza Bwambale wa mizinga. Randa nimeshaitundika ukutani kwa sababu bega la kulia limegoma, lakini mdomo wangu haujastaafu. Nikianza habari za nyuki, mke wangu huchukua kikapu akaenda sokoni, maana anajua atarudi anikute bado naongea.

Swali la kwanza mnaloniuliza huwa ni lilelile: mzee, mbao gani? Jamani, musizi! Musizi iliyokauka vizuri. Ni nyepesi, inakubali msumari bila kupasuka, na mzinga ukijaa asali hutahitaji wanaume wanne kuushusha. Kama huna musizi, chukua mbao yoyote isiyo na harufu kali, ila iwe kavu. Inyanyue kwa mkono mmoja: ikikushangaza kwa uzito, bado ina maji, irudishe. Mbao mbichi ukiigonga leo ikakaa sawa, baada ya mwezi imepinda, pembe zimeachana, na siafu wanaingia kama walioalikwa harusini. Wala usijisumbue kununua mvule ili jirani akusifu. Nyuki hawajali mvule.

Mimi sikuzaliwa najua hayo. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa milango na vitanda pale Bwera, karibu na barabara iendayo mpakani mwa Kongo, na nilikuwa na maringo, nisiwadanganye. Kitanda changu ulikuwa unaweza kujitazama ndani yake. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, watu wengi wa Kasese walipoanza kusikia habari za mizinga ya kisasa, na kila siku mtu alipita akiuliza kama naweza kuigonga. Nikawa nawajibu, "Kasanduku tu hako? Kuna nini cha kunishinda?"

Ndipo akaja Biira.

Biira alikuwa mjane kutoka Maliba, kule chini ya milima. Alishuka kwenye boda boda ameshika mwavuli na karatasi iliyokunjwa, akanisalimia kwa heshima, kisha akaketi juu ya gogo langu bila kukaribishwa. Nilimpenda papo hapo.

"Fundi, mimi nataka mizinga ine," akasema. "Ya kutundika, si ya kupanda kwa mti. Mimi siwezi panda mti."

Mnaelewa alichokuwa anasema? Kwetu asali ilikuwa mambo ya wanaume. Mzinga wa gogo ulikaa juu kabisa ya mti, na mwanamke hakupanda. Mzinga mpya unaning'inia kwenye waya, usawa wa kiuno. Mama mwenye gauni anasimama chini na kuufungua. Mtu aliyebuni kuushusha mzinga mpaka kiunoni aliwafungulia wanawake mlango, na mimi hata leo nikilifikiria hilo nafurahi peke yangu.

Akanieleza shida yake. Mumewe alikuwa amemwachia kahawa kidogo na kipande cha mteremko chenye mawe, karibu na kijito. Shemeji yake, Kule, alikuwa amewaambia wazee wa ukoo kwamba kipande kile kimelala bure na kwamba yeye anataka kupanda mikaratusi. Wazee wakaamua hivi: kahawa ikishavunwa watakuja kuangalia. Wakikuta Biira anakitumia, ni chake na watoto wake. Wakikikuta kimelala, ni cha Kule. Jembe lilikuwa haliingii kwenye yale mawe, na nyuki hawahitaji kulima.

"Walitufundisha Kasese siku mbili," akasema, akafungua karatasi yake. "Ile vijibao ya juu, yenye nyuki anajengea chini yake, upana yake ni kifuniko ya soda. Mwalimu alisema usiongeze, usipunguze. Hiyo ndiyo kubwa kuliko yote, fundi."

"Kifuniko cha soda?" nikasema. "Mama, vifuniko vya soda ninavyo kopo zima!"

Na kweli nilikuwa navyo. Kumbukeni hilo kopo, nitalirudia mbele.

Niligonga mizinga ile kwa wiki moja, nikiimba. Pande zinalala kama hori la ng'ombe, pana juu, nyembamba chini. Matundu ya kuingilia nikayatoboa madogo, nyuki apite lakini panya asipite. Juu nikapanga vile vijibao, tunaviita viunzi, kimoja ubavuni mwa kingine bila pengo, vimekuwa kama dari. Kila kiunzi kinabeba sega lake, nawe unakiinua kimoja kimoja kama mtu anayefungua kurasa za kitabu. Hapo ndipo uzuri wa mzinga huu ulipo: unachukua asali bila kubomoa nyumba. Nilipomaliza nikaitazama nikaona imepungukiwa na kitu kimoja. Nikaipaka vanishi. Nje na ndani! Iling'aa, vijana. Mwenye boda boda alipokuja kuibeba alisema ni aibu kuitundika porini.

Tukaitundika Maliba kwenye ule mteremko, nguzo mbilimbili, waya umepakwa girisi ili siafu wateleze, bati juu, na nyasi juu ya bati. Msisahau nyasi! Bati tupu likipigwa na jua la saa sita, masega yanalainika yanaanguka.

Wiki ya kwanza, hakuna nyuki. Wiki ya pili, buibui. Wiki ya nne Biira akanipigia simu, nikasikia sauti yake imekuwa ndogo.

"Fundi, nyuki wanapita hapa wanaenda kunywa maji kwa kijito. Wanaangalia tu. Hawaingii."

Nikaenda kumtafuta Papa Kasereka. Huyu alikuwa mzee kutoka ng'ambo, Kongo, aliyevuka mpaka kila siku ya soko na madumu yake ya asali, na ambaye mimi na maringo yangu sikuwahi kumuuliza lolote. Nilimlipia boda boda, tukapanda pamoja hadi Maliba. Alipofika aliinua kifuniko cha mzinga wa kwanza, akaingiza pua, akautoa uso haraka.

"Bon," akasema. "Fundi, hii nyumba iko inanuka kama biro ya mukubwa. Banyuki habapendi biro. Beko banapenda arufu ya nyumba ya zamani, yenye mutu amekwisha kuishi."

Biro kwao ni ofisi. Biira akaangua kicheko. Mimi nikatafuta pa kuangalia.

Tukavunja chupa, tukakwangua vanishi yote ya ndani kwa vipande vya kioo, siku nzima, mpaka vidole vikavimba. Kisha Papa Kasereka akatufundisha kitu ambacho nawaomba mkiandike: choma majani makavu ndani ya mzinga kwa moshi tu, si moto, halafu chukua nta kuukuu, ipashe joto, isugue ndani na kwenye midomo ya matundu, kisha chini ya kila kiunzi chora mstari mmoja wa nta katikati kabisa. Mzinga ukianza kunuka kama mzinga, nyuki wanauamini. Baada ya siku tisa Biira akanipigia tena, na safari hii ilibidi niiweke simu mbali na sikio.

"Wameingia! Fundi, wameingia mbili kwa siku moja! Naona kama wingu!"

Nilifunga karakana. Nilicheza pale barabarani, na wabadilisha fedha wa mpakani wakaniuliza kama nimeshinda kesi. Kabla ya mwezi kuisha mizinga mitatu kati ya minne ilikuwa na nyuki.

Sasa ndipo tunafika kwenye aibu yangu kubwa, ile ambayo hata ya vanishi haiifikii.

Wiki tatu kabla ya wazee kuja, tulipanda tena Maliba kuangalia masega. Tulikuwa watatu, mimi, Biira na Papa Kasereka, na nilikuwa nimebeba soda tatu za kusherehekea. Biira akapuliza moshi kidogo mlangoni, akafungua, akashika kiunzi cha kwanza. Kikagoma. Akashika cha pili, kikagoma. Papa Kasereka akaingiza kisu, akakinyanyua, na viunzi vitano vikainuka kwa pamoja kama mkeka. Tukachungulia chini. Masega yalikuwa yamekwenda mshazari, yanaanzia kiunzi hiki yanaishia kile, yamejikunja, yameshikana. Hukuweza kuinua kimoja bila kupasua mengine matatu. Watoto wa nyuki walikuwa wanadondoka, asali inachuruzika, na nyuki wakaanza kutoa ile sauti ambayo ukiisikia unarudi nyuma bila kuambiwa.

Tukafunga haraka, tukaenda kukaa mbali chini ya kahawa. Papa Kasereka akafungua soda yake, akakichukua kile kifuniko, akakilaza juu ya kiunzi kimoja kitupu nilichokuwa nacho. Kiunzi kilikuwa kipana kuliko kifuniko. Kwa macho tu uliona, karibu nusu sentimita.

"Fundi," Biira akasema polepole, "wewe ulipima na nini?"

"Na kifuniko cha soda, kama ulivyosema!" Nikaingiza mkono mfukoni nikakitoa kipimo changu, kwa kujiamini kabisa.

Vijana, sikilizeni. Sisi mafundi wa Bwera tunaokota vifuniko vya soda, tunavigonga kwa nyundo mpaka vinalala kama chapati, tunavitoboa katikati na kuviweka chini ya kichwa cha msumari wa bati ili mvua isipenye. Kopo langu zima lilikuwa la vifuniko vilivyogongwa. Kwangu hicho ndicho kilikuwa kifuniko cha soda! Yale meno ya pembeni yakilazwa, kifuniko kinaongezeka upana. Nyuki wetu hujenga masega kwa nafasi yao, si yangu wala yako. Ukimpa kiunzi kipana, sega la kwanza analiweka katikati, la pili linasogea kidogo, la tatu limeshatoka kwenye kiunzi chake, la nne linavuka.

Papa Kasereka alicheka mpaka akalala kwenye majani. "Alipima na chapati! Ee Mungu yangu, mutu mukubwa hivi, alipima na chapati!"

Biira hakucheka. Alikuwa anaangalia kijito.

"Wazee watakuja wiki tatu," akasema. "Kule atafungua mzinga mbele yao, atasema ona, hata kufungua haifunguki."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikamwambia nitakata viunzi vyote upya, bure, usiku na mchana. Akanitazama.

"Hapana. Utakuja na randa yako hapa. Utanionyesha. Leo nikitegemea mkono yako, kesho nitategemea tena."

Nilikuja na randa, msumeno, na ubao wa kukatia. Siku mbili za kwanza aliharibu karibu kila alichokigusa, akavigeuza kuni bila kuona haya. Siku ya tatu randa ikaanza kumwimbia. Mnaijua ile sauti, pale chuma kinapokubaliana na mbao na unyoya mrefu mwembamba wa mbao unatoka bila kukatika? Alipoisikia aliacha kazi akanitazama kama mtu aliyeitwa jina lake. Safari hii kipimo chetu kilikuwa kifuniko kipya, meno yake yamesimama, na alipima kila kiunzi pande zote mbili na katikati. Kwa kuwa vilikuwa vimepungua upana, kila mzinga ulidai viunzi vinne zaidi. Alivikata yeye.

Kazi ya kuhamisha masega tuliifanya saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepungua ukali. Unakata sega kutoka kiunzi kibaya, unalifunga chini ya kiunzi kipya kwa ukanda wa ganda la mgomba, na hakikisha juu ya sega inabaki juu. Masega yenye watoto yanarudi ndani yote. Ya asali yaliyopasuka yanaingia kwenye ndoo yenye kifuniko mara moja, maana ukiyaacha wazi utaita nyuki wa milima yote waje kuiba. Nilidungwa kwenye kope, Papa Kasereka akadungwa ndani ya suruali, akaimba kwa Kifaransa maneno ambayo siyajui na sitaki kuyajua. Biira alidungwa mara nyingi kuliko sisi sote na hakuliachia sega hata moja.

Halafu tukaanza kungoja, na huko ndiko kulikuwa kugumu. Nyuki wetu ukiwasumbua sana wanahama. Wanaondoka wote, wanakuachia sanduku. Mzinga wa kwanza ulihama baada ya siku mbili. Biira alinipigia akasema tu, "Mmoja umeenda," akakata simu. Nilibaki nimekaa karakana sina nguvu ya kushika nyundo.

Siku ya sita akapiga tena. "Fundi, kwa mlango ya mzinga kuna taka. Kama nyuzi ya mgomba, kidogo kidogo."

Niliruka! "Mama, wamekaa! Wanatafuna zile kamba na kuzitupa nje! Nyuki anayehama hafagii nyumba!" Nikamsikia anapumua upande wa pili, pumzi ndefu, kisha akasema, "Wasingya," yaani asante kwa lugha yetu, zaidi ya mara nne.

Wazee watatu wa ukoo walikuja asubuhi. Kule alikuwa amewatangulia na toroli lililojaa miche ya mikaratusi, tayari kwa kupanda, maana hakuwa na wasiwasi. Biira alikuwa amenipa wavu wa kufunika uso nishike kifuniko cha mzinga, na mimi nikasimama kama mtu anayesubiri hukumu yake mwenyewe.

"Wazee, hii mizinga ni ya fundi wa Bwera," Kule akasema. "Nimeona yeye kila siku hapa, anatengeneza, anarudia. Mbili iko tupu. Huyu fundi akienda kwake, shemeji atafanya nini? Hii shamba italala tena."

Mzee mkubwa, aliyetembea kwa kuburuta mguu, akanigeukia mimi. "Fundi, ukizeeka, nani atatengeneza?"

Nikafungua mdomo. Biira akanipita, akaenda kwenye mzinga, akaniashiria niinue kifuniko. Akachagua kiunzi katikati, akakivuta taratibu kwa mikono miwili. Kilitoka peke yake. Sega lilining'inia limenyooka, jeupe, limefunikwa nyuki pande zote mbili, na kingo zake hazikugusa chochote.

"Hii kijibao nilikata mimi," akasema. "Na hii. Na hii. Zote ya huu mzinga, na ya ule. Fundi alikata mara ya kwanza, akakosa."

Kweli tupu, na sikuwahi kufurahia kusemwa vibaya namna ile.

Yule mzee alisogea mpaka nikaogopa atadungwa. Alilitazama sega lile kwa muda mrefu. Kisha akainua suruali kidogo, akatuonyesha mguu wake, ulivyopinda chini ya goti.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Nilianguka kwa mti sababu ya asali. Baba yangu pia alianguka, yeye hakuamka." Akamgeukia Biira. "Na wewe umesimama chini, umevaa gauni."

Kule akaitazama miche yake.

"Kule," yule mzee akasema bila kugeuka, "geuza toroli."

Biira akarudisha kiunzi mahali pake, polepole, akihakikisha hamfinyi hata nyuki mmoja. Nami nikajifunza kitu cha mwisho kuhusu vifaa vya kufugia nyuki, ambacho hakuna mwalimu atakayewaambia: ndani ya ule wavu wa usoni hakuna namna ya kujifuta machozi. Yalishuka yote mpaka kidevuni, mbele ya wazee watatu, na mikono yangu miwili imeshika kifuniko.